Naomba ushauri: rangi inabanduka kwenye mikoba ya ngozi iliyotiwa nta

Mshonaji wa Nguba, Bukavu

Jambo kwenu nyote. Ninashona mikoba, mikanda na pochi za ngozi, na tangu mwaka jana ninazichora kwa mkono, nikifuata michoro ya pembe na miraba ya vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasaï. Kwa kuwa mvua yetu huanza Septemba na haikomi mpaka Mei, wateja hawataki mkoba unaolowa, kwa hiyo kwanza ninaipaka ngozi nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta, ninaipasha moto mpaka iinywe, ndipo ninachora kwa rangi ya akriliki. Rangi haishiki. Nikigusisha brashi inajikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la gimbi, na nikilazimisha tabaka nene inakauka vizuri, lakini mfuniko ukikunjwa mara chache inapasuka na kutoka kama ganda la kitunguu. Wiki iliyopita nilirudishiwa mikoba minne, na mmoja nilikuwa nimeuchora siku tatu, iliniuma sana. Nina mingine sita iliyokwisha kutiwa nta. Je, inaweza kuokolewa?

Fundi viatu, Kadutu

Pole sana, dada. Kazi yako ni nzuri, ila umeanza na kinachopaswa kuwa cha mwisho. Akriliki huchanganywa na maji, na nta kazi yake ni kuyafukuza maji, kwa hiyo rangi yako haijawahi kuigusa ngozi yenyewe, imelala juu ya nta tu. Chora kwanza kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, kwa tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikauke kabla ya inayofuata, kisha uache mkoba siku kadhaa ndipo uweke kinga ya maji. Tena tafuta rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, kwa sababu ile ya kuchorea picha huwa ngumu ikikauka na haivumilii mkunjo.

Mchoraji wa mabegi, Goma

Nakubaliana na mzee wa Kadutu. Kuhusu ile sita, chovya pamba katika asetoni, ile inayoondoa rangi ya kucha, usugue taratibu mahali pa mchoro tu, ukibadilisha pamba kila inapochafuka. Halafu dondosha tone moja la maji: likisimama kama ushanga, nta ingalipo; likitandaa na kuacha doa jeusi, ngozi iko tayari. Nakusihi, fanya kazi hiyo nje, mbali kabisa na mbabula, yaani jiko la makaa, kwa maana mvuke wa asetoni hushika moto haraka mno.

Mama Mikoba, Lubumbashi

Samahani, ndugu wa Goma, hapo sitakubali moja kwa moja. Asetoni huondoa vizuri kinga iliyokaa juu, lakini nta iliyoingia ndani kwa moto hupanda tena jua likiwaka, na mchoro hubanduka baada ya miezi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo unaweza kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele na kuifyonza kwa kitambaa cha pamba, ingawa haitatoka yote. Binti yangu, mimi ningechora kwenye kipande kingine cha ngozi isiyotiwa nta, kisha nikishone juu ya mfuniko. Kipande hicho ukikinge kwa dawa ya kupuliza, usikisugue nta ya moto, maana joto na msuguano vitaivuruga rangi.

Mshonaji wa Nguba, Bukavu

Asanteni kwa moyo wote. Jana nilijaribu asetoni kwenye mkoba mmoja, na tone la maji lilitandaa vizuri. Asubuhi, baada ya kuuacha juani kwa muda wa saa moja, tone lilisimama tena, kama Mama Mikoba alivyosema. Basi mitano iliyobaki nitaishonea vipande vilivyochorwa, na ngozi mpya nitaichora kabla ya kuitia chochote. Fundi wa Kadutu, naomba neno moja zaidi: mikanda, ambayo hukunjwa kila siku kwenye matundu, je, niiache sehemu hiyo bila mchoro?

Fundi viatu, Kadutu

Ndiyo, dada. Anza mchoro vidole vinne kutoka tundu la mwisho.