Naomba ushauri: natafuta kaunsela Kisumu atakayenisikiza

Wadau habari zenu, niko Nyalenda hapa Kisumu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Mimi ni asekshuali, yaani sivutiwi kimwili na mtu yeyote, awe mwanaume awe mwanamke, na nimekuwa hivyo tangu nijijue, hakuna mtu aliniumiza wala si ati nimeweka nadhiri kama masista.

Shida ni vile mambo yamepandana. Mimi ndio kifungua mimba, mama anauza omena Kibuye na kila nikipita pale wamama wenzake wanauliza ng'ombe zinakuja lini, juzi mmoja akanishika tumbo mbele ya wateja. Kanisani wananiombea nitolewe pepo. Mashoga na wasagaji ninaowajua nao wanasema mimi sina shida, eti hakuna mwenye nyumba atanifukuza kama wao, so sina pa kwenda kabisa, usingizi umepotea na chakula hakishuki.

Nilienda kwa kaunsela, kabla nimalize kueleza akaniandikia vipimo vya homoni. Na kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 ya 2013, kinasema mwanamke akijitambua kuwa asekshuali asiandikiwe kuwa ana ugonjwa wa kukosa hamu ya ngono. Hii huzuni ndio nataka itibiwe, si vile nilivyo.

Kuna anayejua kaunsela Kisumu ama hata Kakamega ambaye hataanza na vipimo vya homoni? Na mama nimwambieje asidhani nimerogwa? Tafadhali msiniambie niolewe kwanza nitazoea.