Msimamizi anasoma mafaili tu. Nimwombeje asikilize?

Mnasihi_Kibirizi: Habari za jioni wadau. Mwaka wa tatu huu nanasihi waraibu wa pombe hapa Kigoma, wengi wavuvi na gongo lao. Msimamizi wangu huja kila robo mwaka: anafungua mafaili, anauliza mbona tarehe hii haijajazwa, anakunywa chai, anaondoka. Sasa nina mteja karudia kunywa mara ya nne, nikajiona sifai. Juzi natazama kalenda, kumbe kila anapoanguka ni siku za mbalamwezi! Mwezi ukiangaza dagaa hawafuati taa, basi mtu yuko nchi kavu wiki nzima na hela ya mauzo mfukoni. Miezi minane niko na mteja huyu, hakuna aliyeniuliza swali la kunifungua macho. Nitamwambiaje mkubwa wangu bila kuonekana mjuaji?

Dada_Mkubwa_Tabora: Pole mdogo wangu. Hata mimi nilikuwa msimamizi wa chai kama huyo wako, kinasa sauti ndicho kilichoniponya. Faili liliandikwa "mteja amekubali kuacha". Nikasikiliza kikao, kwa ridhaa ya mteja: dakika ishirini, mnasihi kaongea kumi na saba. Mteja ni "ndiyo dada, ndiyo dada". Mwaka 2004 mwanasaikolojia William Miller na wenzake kule Marekani walionyesha kuwa kumpeleka mnasihi semina peke yake hakutoshi, ujuzi unafifia. Waliorekodi vikao, wakapewa mrejesho na kuelekezwa, ndio waliobaki nao. Wewe usitaje usimamizi. Mwambie, "Mzee, nina mteja kanishinda, kaa nasi siku moja." Nani atakataa?

Kaka_Gungu: Dada, shikamoo, ila kurekodi huku mh! Gongo ni haramu, mteja akiona simu mezani anawaza polisi, hata ukimsainisha ridhaa. Sisi tunaigiza: msimamizi anakuwa mteja, tena mkorofi, mimi namnasihi mbele ya wenzangu. Mara ya kwanza nilitoka jasho. Halafu kuna hili, huyo anayekusimamia ndiye anayekujazia tathmini ya mwaka? Kama ndiye, makosa yako utayasema nusu. Tafuta na mwenzako mmoja wa kumweleza yote.

Mnasihi_Kibirizi: Shikamoo ya dada siwezi kuiitikia mimi, hahaha. Ndiye huyohuyo wa tathmini, kaka. Hata hivyo nimempigia, nikamweleza habari ya mbalamwezi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mkewe anasemaje?" Sijawahi kuonana na mkewe. Anakuja Alhamisi kukaa nasi, ila kasema mafaili niyaweke tayari.