Kuniombea na kunipandishia kodi kwa mkono uleule, jamani?

Mpangaji_Mchovu:
Wakuu heshima kwenu. Naandika vidole vinatetemeka, nikikosea herufi nisameheni. Mwenye nyumba wangu ametoka hapa sasa hivi. Sahani yake bado ipo mezani, mifupa imepangwa ukingoni kama vielelezo vya polisi.

Simtaji. Mnamjua. Suti rangi ya mtindi, Biblia ya zipu, akipiga chafya anatanguliza haleluya. Mliowahi kupanga kwake njia hii ya Kimara najua mnacheka saa hizi, chekeni tu.

Kaja saa kumi na mbili jioni. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, karibu ndani. Anasema amesukumwa rohoni aje aibariki nyumba. Nyumba ni yake mwenyewe, lakini sawa, abariki, paa linavuja huenda baraka zikaziba. Mke wangu akachinja kuku aliyekuwa anangoja Jumapili. Mzee kala nusu ya kuku. Nasema nusu kwa heshima.

Halafu tukaambiwa tupige magoti. Mimi, mke, mtoto. Akaniwekea mkono kichwani, mzito kama ndoo ya zege. Kaomba dakika arobaini. Kafungua milango ya kazi, kavunja madhabahu za ukoo pande zote mbili, hadi marehemu mjomba wangu wa Singida kakemewa, mtu ambaye kosa lake duniani lilikuwa kupenda karata. Mke wangu analia. Na mimi nakiri, machozi yalinilenga.

"Amina."

Sasa hapo, wakuu. MKONO BADO UPO KICHWANI. Hajautoa. Kwa sauti ileile ya maombi, macho bado kayafumba, anasema: "Sasa mwanangu, kuanzia mwezi ujao chumba na sebule ni laki mbili na nusu, na utatoa ya miezi sita."

Toka laki na nusu! Mtu unabishanaje na mwenye nyumba ukiwa umepiga magoti na yeye kakushika utosi? Na mimi, kwa mazoea ya zile dakika arobaini, nikaitikia AMINA.

Nimeitikia amina! Milioni moja na nusu, nimeitikia amina! Akaniinua akasema tumekubaliana mbele za Bwana, shahidi ni mke wangu.

Ndiyo nauliza, hii dini inambadilisha mtu wapi? Jirani yangu wa chumba cha uani sijawahi kumwona kanisani wala msikitini, Jumapili anafua jinzi. Mwezi wa nne maji yalipoingia ndani yakaloanisha godoro, yeye ndiye aliyenipa lake akalala kwenye mkeka. Mzee alinitumia mstari wa Ayubu kwenye simu.

Lakini si Ayubu kilichoniuma. Ni ule mkono. Angeutoa kwanza basi!

Mods msiupeleke uzi huu jukwaa la dini. Upelekeni la uhalifu.

KisuButu:
Siti ya mbele kabisa. Kuku alikuwa wa kienyeji au wa kisasa?

Mpangaji_Mchovu:
Kienyeji. Usinitoneshe.

Mama_Sambusa:
Pole baba. Ila mimi mtu mzima, naomba kuuliza. Unadaiwa miezi mingapi? Mpangaji hakemewi dakika arobaini bure.

Mpangaji_Mchovu:
Miwili tu. Na hiyo siyo mada.

KisuButu:
Ahaaa! Kumbe ule mkono ulikuwa wa kukuzuia usitoroke.

Mtu_wa_Pwani:
Msidhani ni makanisani tu. Mtaani kwetu yupo mwenye duka, mnamjua, safu ya kwanza kila swala, sijida imemchora paji la uso. Kilo yake ya sukari ukiipima kwingine ni robo tatu. Ramadhani iliyopita alisoma mwenyewe ile sura ya 83, inayoanza kwa kuwaapiza wanaopunja vipimo, kwa sauti nzuri mpaka wazee wakajifuta macho. Baada ya futari nikamtuma mtoto sukari. Robo tatu.

Kitabu_Wazi:
Tupunguze jazba. Jambo hili lilishapimwa. 1973 Darley na Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 40 wa uchungaji huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliagizwa jengo la pili kutoa hotuba, wengine hotuba yenyewe ni ya Msamaria Mwema. Njiani wakawekewa mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wameshachelewa, alisimama mmoja kati ya kumi. Wasio na haraka, zaidi ya nusu walisimama. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana, kilichoamua ni haraka.

Mpangaji_Mchovu:
Haraka gani mkuu? Huyu kakaa saa tatu na chai akaongeza.

Kitabu_Wazi:
Sijamaliza. Kuna utafiti mwingine wa Marrakech, Moroko, ulitoka 2015. Wenye maduka ya soko la mji mkongwe walipewa nafasi ya kuchagua, wachukue hela au sehemu yake iende sadaka. Adhana ikiwa inasikika walitoa zaidi kuliko isiposikika. Kwa hiyo siyo nani ana dini, ni dini inamkumbuka saa ngapi.

Mtu_wa_Pwani:
Basi kuanzia kesho sukari nanunua adhana ikilia.

Mama_Sambusa:
Atakuwa kafunga duka kaenda kuswali wewe.

KisuButu:
Na huyu wa Kimara dini ilikuwa imemkumbuka dakika hiyohiyo, amina haijapoa. Moroko na Kimara ni mbali, mkuu.

Bila_Imani:
Mimi siamini chochote na mlivyoanza nilikuja kuchekelea. Lakini bosi wangu naye haamini, anajiita mtu wa sayansi, akituona tunafumba macho kabla ya kula anacheka. Mshahara wa mwezi wa pili mpaka leo. Nikimdai ananifafanulia uchumi wa dunia. Afadhali ningeombewa.

Bi_Mwenye_Nyumba:
Wapangaji mnajifanya malaika. Nilikuwa na mwimba kwaya, sauti ya kwanza, saa kumi alfajiri ananiamsha na mazoezi. Miezi minne hajalipa. Nikimgongea anasema "Bwana atatenda". Kahama usiku wa manane na balbu zangu, kitasa changu na kifuniko cha choo. KIFUNIKO CHA CHOO. Mlangoni kaacha stika "Nyumba hii inalindwa kwa damu ya Yesu". Sasa ilikuwa inalindwa asiibe nani?

KisuButu:
Huu wako ndiyo uzi. Fungua wako mama, huyu kachelewa.

Mama_Sambusa:
Kifuniko anakipeleka wapi jamani? Vipimo vinafanana?

Fundi_Umeme_Mstaafu:
Mkimaliza kuombewa niambieni kodi ya jengo nani anaturudishia. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Jengo la mwenye nyumba, anayenunua umeme mpangaji. Nilimuuliza wa kwangu, akaniambia mpe Kaisari yaliyo ya Kaisari. Nikamwambia Kaisari ni wewe.

Bila_Imani:
Sisi mita moja kaya sita. Mmoja anauza barafu na samaki, friji mbili, mchango anatoa sawa na mimi mwenye balbu moja na chaja.

Fundi_Umeme_Mstaafu:
Fungeni mita ndogo kila chumba, mtalala kwa amani.

Bi_Mwenye_Nyumba:
Nilifunga. Mwimba kwaya aliondoka nayo.

Mpangaji_Mchovu:
Wakuu naomba turudi kwenye mkono. Mkono ulikuwa kichwani wakati anataja bei.

Kitabu_Wazi:
Kuhusu amina yako, je, makubaliano ya mdomo uliyoyatoa ukiwa umepiga magoti yanakubana? Wanasheria wa humu watusaidie.

KisuButu:
Wanasheria wa humu wanadaiwa kodi pia.

Binti_wa_Ubungo:
Samahani mleta uzi, ukihama naomba unishtue. Laki mbili na nusu chumba na sebule kwa upande huo siyo mbaya. Choo cha ndani? Maji yanatoka?

Mpangaji_Mchovu:
Choo ndani. Maji Jumatano. Lakini dada umesoma nilichoandika?

Binti_wa_Ubungo:
Nimesoma mpaka kwenye bei. Fremu ya mbele naruhusiwa kufungua saluni?

Dalali_Mwaminifu:
Dada, nyumba hiyo naijua, nipo na mzee hapa tunaongea. Njoo pembeni nikupe namba. Kuonyeshwa ni elfu kumi, udalali kodi ya mwezi mmoja. Wahi, ametoka kuiombea sasa hivi.