Uzamili wa utafiti wa operesheni: idara ya hisabati, shule ya menejimenti au sayansi ya data?

Mkokotozi
Wanajukwaa, salaam. Nina shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu, na ninakusudia kusomea utafiti wa operesheni, yaani matumizi ya hisabati katika kufanya maamuzi bora ya uendeshaji, katika ngazi ya uzamili. Nimebakiwa na njia tatu: kozi ya mwaka mmoja chini ya idara ya hisabati, kama ile ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, kozi ya shule ya menejimenti, kama za Chuo Kikuu cha Lancaster, au kuliacha jina hilo na kusoma sayansi ya data, ambayo waajiri wengi huitambua haraka zaidi. Naomba ulinganisho wa kinachofundishwa hasa, maana vipeperushi vya vyuo vyote vinasema mambo yale yale.

Bi Foleni
Ndugu Mkokotozi, ukitazama orodha ya masomo hutaona tofauti kubwa, kwani pande zote mbili utakutana na upangaji wa mstari (kutafuta jibu bora pale lengo na vikwazo vinapoandikwa kwa milinganyo ya mstari), uigaji wa mifumo kwa kompyuta na nadharia ya foleni. Tofauti utaiona kwenye maswali unayoulizwa. Idara ya hisabati itakutaka uonyeshe kwa nini mbinu ya simpleksi, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947 kwa ajili ya upangaji wa mstari, hulifikia jibu bora, na kwa nini tatizo lile lile huwa gumu mno pindi vigeu vinapolazimishwa kuwa namba kamili. Shule ya menejimenti itakupa maelezo ya ghala au hospitali yaliyojaa utata, kisha ikutake uamue kwanza tatizo lenyewe ni lipi. Lancaster ina mizizi mirefu katika jambo hilo, kwa kuwa ndiko Peter Checkland alikojenga mbinu yake ya kushughulikia hali ambazo wahusika hawakubaliani hata juu ya lengo.

Chukua foleni ya mhudumu mmoja, katika modeli ile ya kwanza kabisa inayofundishwa. Mhudumu akiwa kazini asilimia 80 ya muda, wastani wa watu waliopo, pamoja na anayehudumiwa, ni 4. Akifikia asilimia 90 wanakuwa 9, na asilimia 95 wanakuwa 19. Kanuni inayotoa namba hizo huthibitishwa kwa nusu ukurasa. Kumshawishi meneja anayeuona muda wa mhudumu kukaa bila mteja kuwa ni uzembe ni kazi nyingine kabisa, na wanahisabati huidharau bila sababu.

Tarakimu
Dada yangu Bi Foleni, hapo ninapingana nawe kidogo. Kuzungumza na meneja mtu hujifunza akiwa kazini, ilhali ni wachache mno wanaorudi kusoma nadharia ya uwili (inayooanisha kila tatizo la upangaji wa mstari na tatizo pacha lake) baada ya kuajiriwa. Tena, Edinburgh ndiko ilikoanzia HiGHS, programu huria ya kutatua matatizo ya upangaji wa mstari na wa namba kamili, ambayo leo hutumiwa ndani ya SciPy, maktaba ya hesabu za kisayansi ya lugha ya programu ya Python. Kwa mwenye nia ya kuendelea na uzamivu wa upande wa algorithimu, mimi sioni cha kujadili.

Mzee wa Modeli
Mnabishana juu ya madarasa na kuisahau tasnifu. Shahada ya uzamili ya Uingereza kwa kawaida ina krediti 180, na 60 kati ya hizo ni za tasnifu, inayofanywa kiangazi baada ya mitihani. Kijana, waulize walimu kabla ya kuomba nafasi: mada hutolewa na nani, kampuni au msimamizi, na data hupatikana lini? Mradi ambao data yake inachelewa hadi katikati ya kiangazi humgharimu mwanafunzi hata awe hodari vipi. Miezi 12 pia haitoshi kujifunzia programu tangu mwanzo, kwa hiyo ingia ukiwa tayari unaandika Python.

Kigeu
Kuhusu sayansi ya data, nimeisoma na ninaitumia kila siku, lakini mafunzo yake mengi huishia kwenye utabiri. Tuseme bidhaa inaharibika baada ya siku moja, na hasara ya kupungukiwa na kipande kimoja ni mara tatu ya hasara ya kubakiwa nacho. Modeli nzuri itakupa wastani wa mahitaji, na ukiagiza kwa wastani huo utakuwa umekosea, kwa sababu kiasi kinachofaa ni kile kinachotosheleza mahitaji kwa uwezekano wa asilimia 75. Katika kozi yangu hatukuligusa hilo hata mara moja. Nililikuta baadaye kwa wenzangu wa utafiti wa operesheni.

Mkokotozi
Mzee, shikamoo, na nyote nawashukuru. Sayansi ya data nimeiondoa. Kwa kuwa uthibitisho nimekwisha kuuzoea na sijawahi kukabiliana na tatizo lisilo na umbo, naelekea shule ya menejimenti, ila nahofia kujifungia mlango wa uzamivu.

Tarakimu
Mlango haufungwi iwapo utachagua masomo ya uboreshaji (utafutaji wa jibu bora) na ya upangaji wa namba kamili kila yanapokuwa ya hiari, na tasnifu yako ikawa na modeli uliyoijenga mwenyewe. Omba orodha ya masomo ya hiari ya mwaka huu, kwa sababu hubadilika mara kwa mara.