Kipindi cha dini shule za serikali: kiwe somo kamili au kifutwe?

Kuchele_Shangani: Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo maana hapa nyumbani tumebishana na waifu mpaka basi. Mimi Muislamu yeye Mroma, huku kwetu Mtwara wala si ajabu. Dogo yuko la tatu shule ya serikali, Ijumaa wana kipindi cha dini, watoto wanagawanywa, Waislamu wanabaki darasani na ustadhi wa msikiti wa jirani, Wakristo wanaenda chini ya mwembe kumsubiri katekista ambaye akitokea ni bahati. Juzi dogo karudi ananiuliza, baba mi niende upande gani, mwalimu kasema nichague. Nikakwama. Sasa dini ifundishwe shule kama hesabu au ibaki msikitini na kanisani?

Mwl_Newala: Mkuu, Katiba ibara ya 19 inasema dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndo maana kipindi kipo kwenye ratiba ila mwalimu wake ni wa kujitolea. Msimu wa korosho ukifika ustadhi mwenyewe humuoni, yuko shamba anaokota. Lakini kifutwe nakataa, fomu foo kuna mtihani wa NECTA wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na wa Maarifa ya Biblia, ni wa hiari, atakayetaka kuufanya aanzie wapi?

Bi_Mikindani: Aanzie chuoni kwa maalim saa kumi jioni kama sisi, tulihitimu Juzuu Amma hata a e i o u hatujazijua vizuri 😂 Shule ifundishe hesabu, wanafeli kila mwaka. Halafu hicho kitabu cha dini nani ataandika? Sisi Waislamu peke yetu kila mwaka tunagombania mwezi umeandama au bado!

Mjukuu_wa_Masasi: Bi mkubwa, huku kwetu dini na shule vilikuja boti moja. Wamisheni wa UMCA, wale Waanglikana, walifika Masasi 1876, na askofu wao Lucas mpaka jando akalitia sala. Babu yangu alibatizwa ili apate darasa, shuleni Petro, nyumbani Saidi, kafa anaitikia yote mawili. Mi nasema watoto wasigawanywe, wakae darasa moja wafundishwe dini zote, Petro ajue Saidi anafunga kwa nini.

Mwl_Newala: Wazo zuri, ila nani afundishe? Zanzibar dini ni somo, Kenya wana ya Kikristo na ya Kiislamu, nao bado ni kila mtu na yake. Mwalimu mmoja wa dini zote hapa Newala wazazi watamla mzima.

Kuchele_Shangani: Nimewasoma wote, asanteni. Jana nikaona nimuulize dogo mwenyewe anataka wapi. Kajibu fasta, chini ya mwembe. Mama yake kafurahi huyo, mpaka dogo alipomalizia: "kule mwalimu haji, tunacheza mpira."