Kumfuata mgombea kwa kamera hadi Agosti 2027

Mwana_Kisauni: Habari wakuu. Nataka kutengeneza dokumentari kuhusu mgombea wa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) hapa Mombasa, kuanzia sasa hadi uchaguzi. Nimezoea harusi na matangazo. Pesa hupatikana wapi? Mgombea mwenyewe yuko tayari kugharimia.

Kibatari: Pesa yake usiguse, hata ya mafuta. Ukiipokea, siku atakayogawa noti utaionyesha vipi? Kabla ya kuwasha kamera, asaini kwamba hana usemi katika uhariri. Ataitazama mapema ili kusahihisha makosa ya ukweli tu. Mke na ndugu nao wajaze fomu zao, na watoto wasainiwe na mzazi. Nyumbani ndiko filamu iliko. Ile Softie ya Sam Soko kuhusu mwanaharakati Boniface Mwangi alipowania ubunge wa Starehe, Nairobi, 2017, iliyopata tuzo ya uhariri Sundance 2020, ingebaki ya maandamano tu bila familia yake.

Fedha: anza na Docubox, mfuko wa dokumentari ulioko Nairobi. Nje kuna IDFA Bertha Fund, mfuko wa tamasha la dokumentari la Amsterdam, na kwenye soko la filamu la Durban FilmMart unapeleka mradi mbele ya wanunuzi. Andaa bajeti, maelezo mafupi na kionjo cha dakika 3 hadi 5. Vionjo vya watu wa matangazo huanguka kwa sababu ni droni na muziki mwanzo mwisho. Weka tukio moja zima: mtu anataka kitu, ananyimwa, tunamwona anavyojibu.

Fundi_Sauti: Nyote mnasahau sauti. Mikutanoni omba waya kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), lakini geuza ingizo la rekoda kutoka MIC (la kipaza, sauti dhaifu) hadi LINE (la mashine, sauti yenye nguvu). Ukiliacha kwenye MIC sauti itapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha. Rekodi nakala ya pili iliyo chini kwa desibeli 12, maana mwanasiasa akipandwa na mori hupiga kelele ghafla. Kipaza cha kifuani kibaki palepale, kwa sababu mikisa haisikii anachomnong'oneza msaidizi wake.

Diski: 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Saa 300 ni TB 13.5, mara mbili kwa nakala. Nakala ya pili ilale nyumba nyingine, na kadi isifutwe kabla hujafungua faili na kuzitazama.

Mswahili_wa_Sheria: Cap 222, sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya jukwaani, inadai leseni ya kupiga filamu, na KFCB, bodi ya kuainisha filamu, huipa filamu daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Nyimbo za kampeni zina wenyewe: andika jina la wimbo na msanii siku hiyohiyo, kwani televisheni itakudai vibali miaka miwili baadaye.

Mwana_Kisauni: Akianguka mchujo wa chama je?

Kibatari: Mfuate na mpinzani wake tangu leo, kwa mkataba uleule. Na akianguka usiondoke: piga wiki zile simu zinapoacha kulia, wenye mahema wanaomdai wanapobisha hodi, na vijana wake wanapohamia kwa mshindi.