Msaada tutani: fundi anataka kuwajengea sungura wangu ghorofa tatu sebuleni, nikubali?

MamaWawili_Uyole

Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, Uyole, nyumba ya kupanga. Wanangu walipewa sungura wawili na babu yao, wa kike wote kwa maelezo ya mzee, Kande mweupe na Chapati wa kahawia. Walikuja wanaenea kwenye boksi la mafuta ya kula, saivi wana kama miezi mitano na kila mmoja kawa kama paka. Nje siwezi kuwaweka, mwenye nyumba ana mbwa wawili ambao usiku wanafunguliwa, af vibaka nao hawachagui. Kwa hiyo wanalala sebuleni nyuma ya kochi, na mpaka leo wameshakata chaja mbili na waya wa redio, huo wa redio ulikuwa kwenye soketi kabisa sijui walipona vipi.

Sasa nimemwita fundi seremala wa Mwanjelwa akaja kupima kona, ina futi 6 kwa futi 3 tu, akanichorea kwenye karatasi ya daftari banda la ghorofa tatu, kila ghorofa futi 2 kwenda juu, sakafu zote waya ili kinyesi kidondoke chenyewe, na vingazi vya fito kama vya banda la kuku, kila kingazi futi mbili na nusu. Kwa macho limependeza kweli, watoto wameshagombania nani akae ghorofa ya juu. Ila kabla sijatoa hela ya mbao naomba mwenye uzoefu aniambie, hii kitu itafanya kazi au naliwa? Nawasilisha.

Kisu_Kikali

Mama hapo jenga jiko tu, ghorofa ya nini kwa kitoweo 😂

MamaWawili_Uyole

@Kisu_Kikali ukija kwangu usiku huo uzungumze na wanangu mwenyewe, mi simo.

Mnyalu_Kihesa

Kamwene dada. Usimpe huyo fundi hata shilingi kwanza, soma hii.

Mi niko Iringa, mwaka juzi nilijenga kitu hicho hicho unachosema, ghorofa tatu, sakafu waya, nikajiona mjanja kweli maana kila asubuhi natoa beseni la chini namwaga bustanini basi. Mwezi wa pili hivi nikaona yule jike wangu hashuki, anakaa tu kaegemea kona, nikamtoa nikamgeuza miguu juu. Nyayo za nyuma manyoya yote yameisha, ngozi nyekundu, mguu mmoja una kidonda saizi ya shilingi hamsini kimeshaanza kutoa usaha. Sungura hana vile vipedi vya chini kama paka au mbwa, ana manyoya tu, sasa uzito wote ule unakaa juu ya waya mwembamba mchana na usiku unategemea nini.

Tukatibu, nikaweka mbao juu ya waya, akapona. Halafu siku moja dada wa kazi kaangusha mfuniko wa sufuria jikoni, paaa, yule jike alikuwa ghorofa ya juu akaruka moja kwa moja hadi chini, kingazi hakukigusa hata. Aliposimama miguu ya nyuma ikawa inaburuzwa. Mtaalamu wa mifugo alikuja akambonyeza bonyeza mgongoni akanyamaza, nikaelewa. Hawa wana misuli ya nguvu sana miguuni lakini mifupa yao myepesi, akishtuka akajirusha vibaya au akajipiga teke ukiwa umemshika vibaya mgongo unaenda.

Halafu lingine hilo la kinyesi kudondoka chenyewe, kinadondokea wapi? Kinamdondokea aliye ghorofa ya chini! Na mkojo pia. Dume langu jeupe lilikuwa la njano wiki nzima nikidhani anaumwa.

Mfugaji_Mbalizi

Mbona mnamtisha dada wa watu. Sisi huku wafugaji karibu wote tunatumia waya na sungura wanazaa vizuri tu, waya ndo usafi, ukiweka mbao mkojo unanywea unanuka na magonjwa ya kuhara juu.

Mnyalu_Kihesa

@Mfugaji_Mbalizi mkuu sikukatalii, ila wa kwako wa nyama anakaa miezi mitatu minne anaenda sokoni, nyayo hazipati muda wa kuoza. Huyu wa dada ni wa watoto, akitunzwa anafika miaka 8 mpaka 10. Usafi wa mbao upo, unataka mpango tu.

Fundi_Mafinga

Habari za humu. Mimi ni seremala, siyo mtaalamu wa sungura ila nimetengeneza mabanda yao kadhaa na wateja wamenirudia kulalamika kwa hiyo najua yanapoharibikia.

Kwanza ngazi. Futi 2 kwenda juu kwa kingazi cha futi 2 na nusu, hiyo karibu inasimama wima, kuku atapanda sungura hapandi, au atapanda kushuka ndo shida. Hesabu nyepesi ninayotumia ni urefu wa ubao uwe mara mbili ya kimo. Ukitaka jukwaa la futi moja na nusu basi ubao wa kupandia futi 3, mteremko unakuwa wa nyuzi 30 hivi. Usitumie fito zenye mianya, tumia ubao mzima upana wa inchi 10 au hata 12, gongelea vipande vya mbao kukatiza kila baada ya inchi 3 ili asiteleze, na pembeni weka ukingo.

Ghorofa tatu achana nazo. Kila chumba futi 2 maana yake sungura mkubwa hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma masikio yakanyooka, na wao kusimama hivyo ni kama sisi kujinyoosha. Uingereza kuna chama cha ustawi wa sungura, RWAF, wao wanasema sungura wawili wapewe angalau mita 3 kwa 2 na kimo cha mita 1, na hapo wanahesabu sakafu moja iliyonyooka, vijukwaa vya juu havihesabiwi, kwa sababu mnyama anataka kuruka mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta.

Pili mbao, na hapa nisikilize vizuri maana huku kwetu ndo kosa kubwa. Mbao za paini zimejaa, lakini zile za kupaulia zenye rangi ya kijani kijani zimetiwa dawa ya mchwa, dawa hizo nyingi zina shaba, kromu na aseniki, na sungura meno yanaota maisha yake yote kwa hiyo lazima atafune. Mwambie fundi wako akuletee paini nyeupe isiyo na dawa, iliyokauka, na asije akakuokotezea mabaki ya kenchi kwenye saiti ya mtu. Vanishi usipake ndani. Kingo zote anazozifikia kwa meno vika pembe za alumini.

Waya weka kwenye kuta na mlango tu, ule wa kuchomelewa wa matundu ya nusu inchi. Wavu wa kuku wanaukata, na panya anapita.

MamaWawili_Uyole

Asanteni sana jamani, @Mnyalu_Kihesa pole kwa huyo jike. Mita 3 kwa 2 @Fundi_Mafinga hiyo ndo sebule yangu yote mkuu, nihamie mimi ghorofani? 😅 Sasa kwa kona yangu hiyo nifanyeje? Na sakafu ikiwa ya mbao mkojo nitaweza kweli, maana nyuma ya kochi pameshakuwa na madoa meupe kama chokaa hayatoki hata kwa sabuni ya unga.

Mnyalu_Kihesa

Madoa meupe ni madini ya kalsiamu, mkojo wa sungura unayo mengi, mwagia siki iache dakika kama kumi ndo usugue, inatoka.

Kuhusu kona tumia futi zote 6 chini pasipo kugawa. Kimo futi 4. Jukwaa moja tu la juu, futi moja na nusu kutoka chini, likae nyuma ukutani, upana futi moja na nusu urefu nusu ya banda, ili hata akiruka haumii na chini yake wanapata pango la kujificha, utaona wao wenyewe watapenda pango kuliko juu. Mlango uwe mpana ufunguke upande mzima wa mbele, jioni mkiwa mnaangalia taarifa ya habari unawaachia wanakimbia sebuleni, nyaya zimefichwa lakini. Hapo ndo unapata zile mita zako bila kuhama.

Sakafuni laza plaiwudi, juu yake kapeti la plastiki zima lisilo na kiungo, lipandishe ukutani inchi 3 kisha kandamiza kingo zake kwa ubao mwembamba wasipate pa kuanzia kung'ata, maana plastiki ikiingia tumboni inaziba utumbo. Juu ya kapeti tandika gunia la katani au mkeka, kapeti peke yake linateleza. Viroba vya mchele usitumie, zile nyuzi zake ni zile zile plastiki.

Halafu choo. Watazame siku mbili wanakojoa kona gani, hawabadilishi sana, weka hapo beseni pana lenye maranda, na nyasi kavu zining'inie juu ya hilo beseni. Sungura anakula huku anajisaidia, ndivyo alivyoumbwa, ukitenganisha chakula na choo unapigana na maumbile. Mimi asilimia kubwa inaishia kwenye beseni, kinachobaki ni vile vigololi vikavu unafagia tu, unatupia kwenye mchicha.

Tukuyu_Mvua

Ndaga kwa elimu. Naongezea matatu haraka.

Nyie wa huku juu mti wa karibu kila mtu ni mparachichi, msiwape tawi la kutafuna wala majani, ni sumu kwao. Majani ya viazi mviringo pia hapana. Wape matawi ya mpera au ya mtofaa, na nyasi ndo ziwe chakula chenyewe, karoti ni peremende.

Baridi isikupe presha sana, sungura anavumilia baridi kuliko joto. Kinachomuua ni upepo wa chini ya mlango na unyevu. Ila kama mnaota jiko la mkaa sebuleni usiku madirisha yamefungwa, acheni, ile hewa inaua sungura na inaua nyie.

La tatu, dada, nani alihakikisha kuwa hao wote ni majike? Babu tu? Mlaze chali mapajani, bonyeza taratibu pale mbele ya sehemu ya haja kubwa. Ikitokeza duara kama kimrija ni dume, ikiwa mpasuo mrefu ni jike. Kwa miezi mitano inaonekana vizuri. Fanya leo.

MamaWawili_Uyole

Wakuu nimerudi.

Kande ni dume 🤦🏾‍♀️

Nimepima mara tatu, na mtoto wangu wa darasa la nne akaniambia "mama mi nilikuwa najua, anampandaga Chapati kila siku." Sasa hukusema kwa nini wewe mtoto!

Tukuyu_Mvua

Haya watenganishe usiku huu huu. Mimba yao ni siku 31 hivi, anaweza kuwa nayo tayari. Na akizaa siku hiyo hiyo anaweza kupandwa tena kwa hiyo dume lisisogee kabisa. Uliza daktari wa mifugo anayeweza kuhasi, ukimpata ujue hata baada ya kuhasiwa dume linaweza kupachika mimba mpaka wiki sita, wengi wanarudisha mapema wanashangaa.

Fundi_Mafinga

Mwambie fundi aweke kizuizi cha katikati kinachochomoka, fremu ya mbao na waya, kinateleza kwenye mfereji juu na chini. Kila mmoja anabaki na futi 3, ni padogo, kwa hiyo sebuleni watoke kwa zamu. Siku mkishahasi na wiki zikatimia unakichomoa banda linarudi kuwa moja. Waya wa kizuizi uwe wa pande mbili ulioachana kidogo wasing'atane pua.

MamaWawili_Uyole

Wiki ya tatu leo tangu niandike, naleta mrejesho.

Banda limekamilika kama mlivyoelekeza. Fundi alibisha mwanzo, akasema mteremko wa futi 3 unakula mbao bure na yeye ametengeneza mabanda tangu sijaolewa, nikamwonesha hapa kwenye simu akasoma kimya kimya mpaka kwenye mgongo wa yule jike wa Iringa, akakata ubao bila kuongea tena. Mbao alizoleta mara ya kwanza zilikuwa za kijani, nikazirudisha. Choo wameshika siku ya nne. Kande anapanda jukwaani anakaa kama mwenyekiti wa mtaa, Chapati nilimwekea kijukwaa chake upande wa pili hakitaki, yeye ni pangoni tu. Kuhasi tumepanga mwisho wa mwezi.

Ila asubuhi hii nimeamka nikakuta Chapati ana nyasi mdomoni kama masharubu, anazipeleka pangoni, anarudi kuchukua nyingine. Nimechungulia kwa tochi. Kifuani kajinyofoa manyoya yote kabaki ngozi tupu, na huko ndani kumejaa manyoya ya kahawia.

Hapa naandika nikiwa nimekaa sakafuni. @Tukuyu_Mvua boksi la kuzalia linatakiwa vipimo gani, fundi nimeshampigia yuko njiani.

Tukuyu_Mvua

Sentimita 40 kwa 30, kimo 30, mbele pakatwe pafupi aingie bila kuruka. Chini maranda, juu nyasi, na hayo manyoya aliyojinyofoa yahamishie humo humo. Asiweke vanishi!